Shajara ya mradi: kusoma dhiki na mamlaka kwenye chati za Bazi

Lengo ni jedwali moja la LibreOffice Calc linalopokea tarehe na saa ya kuzaliwa, linatoa nguzo nne za Bazi (mwaka, mwezi, siku na saa), kisha linasema kama chati inabeba alama za dhiki au za mamlaka kwa kanuni za Kichina. Bazi ni mapokeo ya Kichina ya kufasiri maisha kwa wakati wa kuzaliwa, si sayansi, na hapa hatabiriwi mtu. Kinachopimwa ni kama kanuni za mafundi wa zamani zinaweza kuandikwa kwa fomula bila kujikanyaga. Chati za majaribio ni nne, zote za enzi ya Qing, ukoo wa mwisho wa wafalme wa Uchina, za watu ambao maisha yao yanajulikana: mfalme Qianlong, jenerali Zeng Guofan, Yuan Shikai aliyekuja kuwa rais wa jamhuri, na mfalme Guangxu.

12 Januari 2025: nguzo nne

Kazi ya kawaida, imekwisha kwa saa sita. Mashina kumi ya mbingu yamepewa namba 0 hadi 9 (Jia, Yi, Bing, Ding, Wu, Ji, Geng, Xin, Ren, Gui), na matawi kumi na mawili ya ardhi 0 hadi 11 (Zi, Chou, Yin, Mao, Chen, Si, Wu, Wei, Shen, You, Xu, Hai). Kila nguzo ni jozi ya shina na tawi, na jozi hizo hurudi mwanzo kila baada ya 60. Mwaka: toa 4, gawanya kwa 60, chukua baki. Shina la mwezi wa Yin ni namba ya shina la mwaka MOD 5 (baki baada ya kugawanya kwa 5), mara 2, ongeza 2; ikifika 10 ni 0. Shina la saa ya Zi ni namba ya shina la siku MOD 5, mara 2.

Siku ndiyo iliyotutoa jasho. Kwa tarehe za karibuni fomula ni fupi mno:

=MOD(A2+8;60)

ambapo A2 ni seli ya tarehe. Tarehe 1 Januari 2000 inatoa 54, yaani Wu Wu, na ni sahihi. Tukaingiza Qianlong, 25 Septemba 1711, Calc ikatoa Geng Wu, sahihi vilevile. Faili lilipofunguliwa kwenye Excel, seli zote za Qing zikageuka maandishi matupu: Excel haijui tarehe kabla ya 1900, na juu ya hapo inaamini kwamba 1900 ulikuwa na 29 Februari, siku ambayo haikuwapo. Dawa ni kuachana na seli ya tarehe. Andika siku, mwezi na mwaka kwenye seli tatu, kisha hesabu namba ya siku ya Julian (hesabu ya siku mfululizo isiyojali miezi). Weka a=1 kwa Januari na Februari, 0 kwa miezi mingine; y = mwaka+4800−a; m = mwezi+12a−3. Halafu:

=siku+INT((153*m+2)/5)+365*y+INT(y/4)-INT(y/100)+INT(y/400)-32045

Ongeza 49, chukua MOD 60. Kwa Qianlong namba ni 2346257, baki 6, Geng Wu. Inafanya kazi kwenye programu zote mbili.

Kosa la pili lilikuwa la kijinga na lilikula jioni nzima. Kuna Wu wawili. Mmoja ni shina la udongo, mwingine ni tawi la farasi, la moto (kila shina na tawi lina elementi yake: mti, moto, udongo, chuma au maji); maandishi yao ya Kichina hayafanani hata kidogo, ila kwa herufi za Kilatini ni kitu kimoja. VLOOKUP ilimchukua wa kwanza iliyemkuta, kwa hiyo kila aliyezaliwa siku ya farasi akapewa udongo badala ya moto. Sasa jedwali linatumia namba tu kwenye hesabu, S4 kwa shina na T6 kwa tawi, na majina yanaonekana kwenye safu ya mwisho peke yake. Anayenakili kazi hii aanze na namba tangu siku ya kwanza.

19 Januari 2025: saa

Tawi la saa ni =MOD(INT((saa+1)/2);12). Hilo ni jepesi. Tatizo ni saa yenyewe inaandikwaje na mtu anayeongea Kiswahili.

Katika jaribio la kwanza Qianlong aliingizwa kama "saa 6 na nusu usiku", na jedwali likasoma 6.5. Likampa saa ya Mao badala ya Zi. Kwa mtu wa siku ya Geng, yaani chuma, hilo si kosa dogo: saa ya Zi inaleta shina la Bing, moto unaombana, na saa ya Mao inaleta Ji, udongo unaomzaa. Mtesi akageuka mlezi kwa kosa la uchapaji.

Tuliweka orodha ya kuchagua wakati wa siku. Usiku na alfajiri: ongeza 18, na ikizidi 24 toa 24. Asubuhi, mchana, alasiri na jioni: ongeza 6. Ikaonekana safi mpaka mtu alipoandika "saa 12 asubuhi", ikawa saa 18:00, tawi la You, adui wa moja kwa moja wa Mao aliyekuwa sahihi. Na wapo wanaosema "saa 1 jioni" wakimaanisha saa 1 usiku. Kanuni ya sasa ina vighairi viwili: saa 12 asubuhi huongezewa 18, na jioni yenye saa 1 au 2 huhesabiwa usiku.

Tarehe pia ina mtego. Mzee akisema mtoto alizaliwa usiku wa Ijumaa, mara nyingi anamaanisha usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao kwa kalenda ya ofisini bado ni Alhamisi hadi saa 6 usiku. Nguzo ya siku ikisogea moja, Mwenye Siku (shina la siku, linalosimama badala ya mtu mwenyewe) anabadilika, na chati nzima inakuwa ya mtu mwingine. Hakuna fomula ya kutatua hilo. Kuna swali tu: kulipokucha ilikuwa siku gani?

Masahihisho ya jua: dakika 4 kwa kila nyuzi moja ya longitudo. Saa za Afrika Mashariki zimepimwa kwa nyuzi 45 mashariki, kwa hiyo Dar es Salaam (39.3) hutolewa dakika 23, Nairobi (36.8) dakika 33, na Kigoma (29.6) saa nzima na dakika moja au mbili. Kwa Uchina, saa za Beijing zimepimwa kwa nyuzi 120 na mji wenyewe uko 116.4, kwa hiyo ni dakika 14. Waliozaliwa Uchina majira ya joto ya 1986 hadi 1991 waangaliwe zaidi, maana saa zilisogezwa mbele kwa saa moja.

Hapa tuliharibu kwa bidii iliyozidi: tukawatoa dakika 14 na watu wa Qing pia. Enzi hiyo saa zilifuata jua la mahali, hakuna cha kusahihisha. Safu ya masahihisho sasa inabaki 0 kama mwaka wa kuzaliwa ni kabla ya 1900 na mahali ni Uchina.

Baada ya 23:00 shule zimegawanyika: wengine hubadilisha siku hapo hapo, wengine husubiri usiku wa manane. Tumechagua 23:00, na seli hugeuka njano ili msomaji ajue kuna chati ya pili inayowezekana.

3 Februari 2025: mwaka na mwezi vinaanza lini

Leo ndiyo Lichun, kituo cha jua cha mwanzo wa machipuko, saa 22:10 za Beijing, saa 11:10 jioni kwetu. Mwaka wa Bazi unabadilika hapa, si sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, 29 Januari. Mtoto wa tarehe 30 Januari mwaka huu bado ni wa Jia Chen, mwaka wa joka, hata kama mtaani watamwita wa mwaka wa nyoka.

Mwezi nao hufuata vituo vya jua, si mwezi mwandamo, na Guangxu ni mfano mzuri. Alizaliwa mwezi wa sita mwandamo, tarehe 28, mwaka wa kumi wa utawala wa mfalme Tongzhi. Ukifuata mwezi mwandamo unapata Yi Wei. Lakini tarehe hiyo ni 14 Agosti 1871, na kituo cha Liqiu huangukia karibu 8 Agosti, kwa hiyo mwezi wake ni Bing Shen. Tofauti: kila tawi huficha shina moja hadi matatu ndani yake; Shen inaficha maji na Wei haifichi, na maji ndiyo yanayombana mtu wa siku ya Ding, yaani moto. Jedwali la mwanzo lilikuwa limemnyang'anya nusu ya alama za mamlaka.

Gharama hadi sasa: saa 19 za kazi, programu bure, kurasa 24 za kuchapa kwa shilingi 100 kila mmoja.

1 Machi 2025: wahusika kumi

Kila shina hupewa uhusiano na shina la siku, ambalo hapa linaitwa Mwenye Siku. Mti 0, moto 1, udongo 2, chuma 3, maji 4. Namba ya elementi ni INT(shina/2). Tofauti ni:

=MOD(INT(lingine/2)-INT(siku/2);5)

Jibu 0 ni ndugu, 1 ni ninachokizaa, 2 ni mali ninayoitawala, 3 ni kinachonibana, 4 ni Muhuri, yaani kinachonizaa. Kila kimoja kina sura mbili, ya yin-yang sawa na Mwenye Siku na ya tofauti (shina lenye namba shufwa ni yang, lenye witiri ni yin).

Mradi mzima umo kwenye namba 3. Wachina wa kale hawakuwa na nyota moja ya dhiki na nyingine ya mamlaka. Wana kitu kimoja, kinachonibana, chenye nyuso mbili. Chenye yin-yang tofauti na mimi kinaitwa Zhengguan, afisa halali: sheria, mwajiri, cheo, nidhamu inayonifinya kwa adabu. Chenye yin-yang sawa kinaitwa Qisha, muuaji wa saba, kwa sababu ukihesabu kutoka shina lako unamkuta wa saba (Jia hadi Geng). Huyu hafinyi kwa adabu. Ni adui, ajali, ugonjwa, vita, au bosi asiyelala. Na ndiye huyohuyo anayetoa majenerali.

Tahadhari ya majina: wahusika kumi kwa Kichina huitwa shishen, na mmoja wao, ninachokizaa chenye yin-yang sawa na mimi, naye ni shishen. Maandishi mawili tofauti, sauti moja. Tulichanganya maelezo kurasa tatu nzima. Humu huyu wa pili anaitwa Mlo.

9 Machi 2025: jaribio la kwanza, limeshindwa

Kanuni ya kwanza ilikuwa kuhesabu tu. Hesabu Zhengguan na Qisha wote, walioonekana kwenye mashina na waliofichwa kwenye matawi. Wakiwa Zhengguan peke yao, andika mamlaka. Wakiwa Qisha peke yao, dhiki. Wakichanganyika, dhiki kubwa, maana vitabu vya kale vinauogopa sana mchanganyiko huo.

Chati na majibu:

Qianlong: Xin Mao, Ding You, Geng Wu, Bing Zi. Zhengguan 2, Qisha 1. Dhiki kubwa.
Zeng Guofan: Xin Wei, Ji Hai, Bing Chen, Ji Hai. Qisha 2, Zhengguan 1. Dhiki kubwa.
Yuan Shikai: Ji Wei, Gui You, Ding Si, Ding Wei. Qisha 1. Dhiki.
Guangxu: Xin Wei, Bing Shen, Ding Hai, saa imeachwa wazi. Zhengguan 2. Mamlaka.

Mfalme aliyekaa kitini miaka 60 kapewa dhiki kubwa. Aliyefungiwa kwenye kisiwa cha Yingtai kuanzia 1898 mpaka kufa kwake 1908 kapewa mamlaka safi. Ingekuwa bora kutupa sarafu. Sarafu kwa wastani ingepatia wawili.

Makosa ni matatu. La kwanza, kila kilichofichwa kimehesabiwa sawa na kilichojitokeza: Zhengguan wa Zeng ni chembe ya Gui iliyobaki chini ya tawi la Chen, haina nguvu ya kuchanganya chochote. La pili, hakuna aliyeuliza Mwenye Siku ana kifua gani. La tatu, hakuna aliyeuliza nani anasimama kati ya mbanaji na mbanwaji. Hili la tatu ndilo kubwa.

29 Machi 2025: uzito

Kila shina lililo wazi, ukiacha la siku, pointi 10. Kila tawi pointi 20: likiwa na shina moja ndani, zote 20, mawili, 14 na 6, matatu, 12, 5 na 3. Tawi la mwezi huzidishwa mara 2, maana msimu ndio unaosema nani yuko nyumbani kwake. Jumla ya chati kamili ni 130. Uzito huu ni wetu, si wa kitabu chochote, na mwingine anaweza kuugawa tofauti.

Matokeo, kwa mpangilio wa Mwenye Siku (ndugu pamoja na Muhuri), mbanaji, mali, na ninachokizaa:

Qianlong: 56, 34, 20, 20.
Zeng: 31, 45, 10, 44.
Yuan: 38, 10, 45, 37.
Guangxu, bila saa, jumla 100: 24, 24, 34, 18.

Qianlong sasa anasomeka. Geng ni chuma, kazaliwa mwezi wa You ambao ni kilele cha chuma, hali inayoitwa Yangren, na sisi tunaiita Makali: nguvu iliyopita kiasi, panga lisilo na ala. Mtu wa namna hiyo akikosa wa kumbana anajikata mwenyewe. Moto wa Bing na Ding, wenye mzizi kwenye tawi la Wu chini yake, ndio tanuru. Mchanganyiko unaomwangusha mwenye pointi 30 unamfua mwenye 56. Kanuni mpya: Makali yakiwa kwenye mwezi, mchanganyiko haupunguzi alama.

Kabla ya kushangilia, kumbuka Bazi ina chati 518,400 tu (60 × 12 × 60 × 12), na watoto wengine wa Uchina waliozaliwa saa ileile usiku ule walikuwa na chati hiihii. Hakuna hata mmoja aliyekuwa, kama Qianlong, mjukuu wa mfalme Kangxi. Chati haioni ukoo, na tusiilazimishe.

Yuan bado amekataa. Mbanaji wake ni pointi 10 kwa 130. Jedwali likaandika "hana mamlaka" kwa rais wa jamhuri.

20 Aprili 2025: nani amekaa karibu na nani

Yuan alitufundisha kupima nafasi. Mpangilio wa mashina yake kuanzia mwaka hadi saa ni Ji, Gui, Ding, Ding. Gui ni Qisha, maji ya yin juu ya moto wa yin, na yuko bega kwa bega na Mwenye Siku. Upande wake wa pili yuko Ji, udongo, ambaye ni Mlo wa Ding, na udongo huzuia maji. Muuaji ameshikwa kola. Chini ya Gui kuna You, chuma cha mwezi chenye pointi 40, kinachomlisha maji kila siku ili asife kwa kubanwa kupita kiasi. Qisha hana mzizi wake mwenyewe kwenye tawi lolote; anaishi kwa posho ya mali. Kwa mafundi, huyu ni mtu anayemiliki jeshi kwa sababu anajua kulilipa na kulizuia. Pointi 10 zilizopangwa hivyo zinazidi 40 zilizotawanyika.

Fomula: safu nne za mashina hupewa nafasi 1 hadi 4. Tofauti ya nafasi ikiwa 1, uhusiano huhesabiwa kamili, 2, nusu, 3, robo. Kwa mara ya kwanza tuliandika ABS kwenye nafasi za matawi pia, tukasahau kwamba shina na tawi lake mwenyewe ni tofauti 0, na kugawanya kwa sifuri kukajaza jedwali makosa mekundu. Tofauti 0 sasa ni kamili, sawa na 1.

Zeng ni mlango wa pili. Qisha wake ni Ren, maji, kalala ndani ya Hai, na Hai hiyohiyo ina Jia, mti, ambao ni Muhuri wa Bing. Maji yanaulisha mti, mti unaulisha moto. Anayekuja kukuua anapitia kwa mama yako kwanza, akifika kwako ameshakuwa chakula. Hali hii huitwa Qisha na Muhuri kuzaliana, na dalili yake kwa kawaida ni mamlaka yanayochelewa na kuja kwa njia ya masomo na mapigo. Zeng alifaulu mtihani wa ngazi ya chini kwa jaribio la saba, 1833, akapata jinshi, shahada ya ngazi ya juu kabisa, 1838.

Kanuni ya Muhuri: ukiwa ndani ya tawi moja na Qisha, huhesabiwa kamili hata usipoonekana juu. Tulipoudai uonekane kwenye shina, Zeng akarudi kwenye dhiki.

Safu ya jibu imevunjwa. Badala ya neno moja, sasa ni nne: anayebana ni nani, kwa uzito gani, nani anamzuia, nani anamgeuza. Qisha asiye na wa kumzuia wala wa kumgeuza, juu ya Mwenye Siku mnyonge, ndiyo peke yake inayopewa neno dhiki.

18 Mei 2025: miongo

Kila mtu ana nguzo za miaka kumi kumi zinazotoka kwenye nguzo ya mwezi. Mwanaume wa mwaka wa yang huenda mbele, wa mwaka wa yin hurudi nyuma; mwanamke kinyume chake. Wote wanne hapa ni wa mwaka wa yin. Hesabu siku hadi kituo cha jua: siku 3 ni mwaka 1, siku 1 ni miezi 4. Yuan, kutoka 16 Septemba 1859 kurudi kwenye kituo cha Bailu, ni siku 8, kwa hiyo miaka 2 na miezi 8. Muongo wa kwanza unaanza Mei 1862.

Kosa la hapa ni umri. Vyanzo vya Kichina vya zamani humpa mtoto mwaka 1 siku anayozaliwa na kumwongezea mwaka mpya unapoingia, kwa hiyo umri wa vitabuni unazidi kwa 1 au 2. Tulichanganya, miongo ikasogea. Jedwali sasa halina umri, lina miaka ya kalenda tu.

Muongo wa Yuan wa 1902 hadi 1912 ni Wu Chen. Wu huungana na Gui na kumfunga, yaani Qisha wake anatiwa mfukoni. Januari 1909 aliondolewa madarakani kwa kisingizio cha maradhi ya mguu, akarudishwa 1911. Muongo uliofuata ni Ding Mao. Mao hugongana na You, posho ikakatika. Na mti wa Mao, ukiungana na Wei mbili, huugandamiza udongo wa Ji uliokuwa umemshika muuaji kola. Mafundi huita hali hii bundi kunyang'anya mlo: bundi ni mti huu, ambao ni Muhuri wa Ding, na mlo ni Ji. Mwishoni mwa 1915 alijitangaza mfalme, Machi 1916 akaachia, Juni akafa.

Inavutia mno, na ndiyo sababu ya kuitilia shaka. Tunajua mwisho kabla ya kusoma chati. Kwa Zeng kanuni hiyohiyo ilichechemea: mwaka 1854 ni Jia Yin, mti juu ya mti, Muhuri uliojaa, jedwali likaandika "msaada". Ndio mwaka aliposhindwa na waasi wa Taiping huko Jinggang na kujitupa mtoni, akaopolewa na watu wake. Mwaka huohuo jeshi lake lilishinda Xiangtan na kuichukua tena Wuchang. Kwa hiyo jibu la mwaka mzima ni pana mno kuweza kukosa. Safu ya mwaka mmoja mmoja imefutwa, imebaki ya muongo. Nanjing, mji mkuu wa waasi hao, iliangukia jeshi lake 1864, ndani ya muongo wake wa Jia Wu, ambapo Muhuri umejitokeza juu na moto umepata mzizi.

14 Juni 2025: Guangxu

Ametafuna saa 11 na hajakubali.

Jaribio: kizingiti cha Mwenye Siku. Chini ya asilimia 25 ya uzito, mtu hawezi kubeba mbanaji wake, na Zhengguan hugeuka mzigo. Qianlong ana 43, Yuan 29, Guangxu 24. Wote wakakaa mahali pao vizuri mno, kama kanzu iliyoshonwa mwenyewe akiwa amesimama mbele ya fundi. Tatizo ni Zeng: naye ana 24. Mmoja alikuwa gavana wa majimbo, mwingine mfungwa wa Cixi, dada mkubwa wa mama yake. Tukaongeza sharti la Muhuri ndani ya tawi la mbanaji ili kumwokoa Zeng, na Guangxu naye akaokoka, maana amekalia Hai ileile yenye Jia ndani. Kuongeza sharti la tatu kungeweza kuwatenganisha, lakini sharti linaloandikwa kwa ajili ya mtu mmoja ni jina lake tu kwa maandishi marefu. Kizingiti kimefutwa.

Kilichobaki ni kurudi kwenye maana ya namba 3. Chati ya Guangxu inasema kwamba anayembana ni halali, mwenye adabu ya sheria, tena kakaa chini yake kabisa, kwenye tawi la siku, ambalo ni nafasi ya nyumbani. Haisemi kwamba hayo mamlaka ni yake. Alitawazwa 1875 akiwa na miaka 3, akatawaliwa na kiti chake mwenyewe. Sisi ndio tuliosoma "kinachonibana ni afisa" tukaandika "mimi ni afisa".

Kwa hiyo neno mamlaka limeondolewa kwenye jedwali lote. Kichwa cha safu ni "anayebana", na majibu ni "afisa" au "muuaji". Zaidi ya hapo msomaji anajaza kwa mkono, baada ya kuuliza mtu anafanya kazi gani na anaishi na nani. Toleo la sasa lina safu 31 na fomula 74. Seli ya saa ya Guangxu imebaki tupu, na imefungwa ili asitokee wa kuijaza kwa kubahatisha.